Ulikuwa Unatafuta Nini Migombani?

Ilikuwa siku ya tatu tangu Jumatano ile, na Ambindwile alikuwa bado hajamwambia mtu kwamba alisikia.

Alikamua ng'ombe kama kawaida. Alipeleka maziwa kituoni, akasalimiana na watu, aliyemwambia ndaga naye akamjibu ndaga. Jioni alikula. Hilo ndilo lililomshangaza yeye mwenyewe, kwamba aliweza kula. Usingizi tu ndio uliomkataa.

Katika nyumba ya Ambindwile, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Kule Lufingo wengi wameshaiacha mila hiyo. Siku hizi utawakuta mkwe na mkamwana wamebebana kwenye bodaboda moja kwenda Tukuyu, tena wanacheka. Lakini Ambindwile aliishika kama alivyoachiwa na baba yake. Mkamwana akikutana na baba mkwe njiani, anatoka njiani, anachutama, anajifunika khanga kichwani, anampa mgongo mpaka apite. Baba mkwe naye ana wajibu wake: anakohoa mara mbili ili ajulikane, anageuza uso upande wa pili, anapita. Jina la baba mkwe, mkamwana halitamki hata akiwekewa kisu. Wanyakyusa wanaita kutila, na wazee wanasema ni heshima. Sawa. Lakini itazame vizuri heshima hiyo: anayetoka njiani na kuingia kwenye matope ni mmoja tu, siku zote.

Jumatano ile, saa kumi na moja jioni, Ambindwile alikuwa anatoka bondeni na mzigo wa majani ya ng'ombe begani. Tulinagwe, mke wa mwanawe Lugano, alikuwa anatoka banda la mizani, walikopima chai, tenga tupu mgongoni. Wakakutana kwenye kona ya shamba la mzee Asajile. Tulinagwe akaingia migombani, hatua kama kumi, akachutama, akajifunika. Ambindwile akakohoa mara mbili, akageuza uso, akapita.

Alikuwa ameshapiga hatua ishirini aliposikia majani makavu ya migomba yakikanyagwa kwa haraka. Kisha sauti ya mwanamke: "Mama!" Kisha: "Niache! Obed, niache!" Kisha sauti ya mwanaume, ya chini: "Nyamaza."

Aliijua. Nani asingeijua? Obed, mtoto wa Asajile, ndiye karani wa mizani. Kila jioni anasimama pale bandani akiita kilo za watu kwa sauti ya kuimba. Ambindwile alisimama. Majani begani yalikuwa mazito. Akajiambia, nikirudi nitamwona mkamwana wangu, na nitamwona katika hali gani? Akajiambia, labda wameelewana, vijana wa siku hizi. Akajiambia, Asajile ni rafiki yangu tangu tukiwa tunachunga ndama, nitamwambia nini? Alijiambia mengi kwa muda mfupi. Kisha miguu ikaanza kutembea.

Alipofika nyumbani mkewe, Sekela, alimuuliza, "Mkamwana hujakutana naye huko?"

"Yuko nyuma," alijibu.

Yuko nyuma. Maneno mawili. Tulinagwe aliingia uani jua limeshazama, khanga imechanika, tenga hana. Alimweleza mama mkwe kila kitu huko jikoni, na Ambindwile, ameketi barazani, alisikia tena, safari hii kupitia ukuta. Sekela hakuwa mwanamke mbaya. Alichemsha maji, akamwogesha mkamwana kama mtoto, akafua nguo zake zote kwa sabuni ya unga, akazianika. Kwa mapenzi kabisa alifua kila ushahidi ambao polisi wangeuhitaji. Na swali la kwanza lililomtoka halikuwa umeumia wapi. Lilikuwa, "Nani mwingine amejua?"

Asubuhi Tulinagwe alisema anakwenda polisi. Sekela akasema subiri mumeo. Lugano ni dereva wa lori, alikuwa Tunduma kwenye foleni ya mpakani. Wakampigia, Sekela akaweka spika.

"Alikuwa anatafuta nini migombani?" Lugano aliuliza. "Si njia ipo?"

"Mwanangu, mkeo ameumizwa."

"Nimesikia, mama. Mimi nauliza tu. Alikuwa anatafuta nini migombani?"

Basi swali likatoka. Kufika Ijumaa lilikuwa limeshazunguka kitongoji kizima, kisimani, bandani, kwenye kibanda cha chipsi, hadi kwaya. Na jambo lenyewe lilipewa kila jina isipokuwa jina lake. Waliliita ajali. Waliliita mambo ya vijana. Mwenyekiti wa kitongoji, Rodrick, aliliita kutoelewana. Neno kubakwa hakulitamka mtu, kana kwamba lingewachafua midomo.

*

Kikao kilikaa Jumamosi asubuhi, uani kwa Ambindwile. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, Mlima Rungwe hauonekani, wanaume wamejibana barazani kwenye mabenchi mawili. Alikuwepo Rodrick na daftari lake. Alikuwepo Meshaki, fundi seremala, ambaye hakuna kikao asichokaa wala jambo asilolitania. Alikuwepo mzee Asajile katika koti lake la uzee wa kanisa, na pembeni yake Obed, shati jeupe limepigwa pasi, mikono magotini kama mtoto wa kipaimara.

Tulinagwe hakuwepo. Yaani alikuwepo, ila nyuma ya kona ya jiko, kwa sababu mkamwana hawezi kukaa mbele ya baba mkwe. Aliyekuwa anabeba maswali kutoka barazani kwenda jikoni, na majibu kutoka jikoni kuja barazani, ni Sekela. Ndivyo inavyofanyika. Mwanamke anazungumzia mwili wake mwenyewe, na maneno yake yanapita mkononi mwa mtu mwingine kabla ya kufika.

"Tusikawie," Rodrick alisema. "Familia zote mbili ni watu wa Mungu, na ni majirani. Mzee Asajile amesema mwenyewe, anatoa mtamba mwenye mimba, kuondoa uchungu. Tunaandika, tunasaini, yamekwisha. Mambo ya kupelekana polisi ni ya watu wa mjini."

Karatasi ile, hata kama wangeisaini wazee mia, haina nguvu yoyote mbele ya sheria. Kosa kama hilo halimalizwi kwa ng'ombe wala kwa maombi. Rodrick alilijua hilo, alikuwa amehudhuria semina mbili na posho akachukua. Lakini alijua na jambo jingine: mkuu wa familia akishasaini, hakuna jirani atakayefungua mdomo tena, na binti atachoka mwenyewe. Na kwa kuwa Lugano hayupo, wa kusaini alikuwa Ambindwile.

"Obed, sema wewe kwanza," Rodrick alisema.

Obed akasimama. "Mimi siwezi kudanganya mbele ya wazee. Tulikutana, ndiyo. Lakini yeye ndiye alinifuata. Wiki nzima ananisumbua pale kwenye mizani, niongezee kilo, niongezee kilo, nitakuona. Sasa mimi ni binadamu."

"Kilo ngapi zilikuwa hizo?" Meshaki aliuliza, na benchi la pili likacheka.

"Meshaki, acha," Asajile alisema, lakini hakusema kwa ukali.

Ambindwile hakucheka. Alikuwa amevua kofia yake ya sufu na kuivaa tena mara ya tatu.

"Mama Lugano," Rodrick akamwita Sekela, "muulize. Kama hakumfuata, alikuwa anatafuta nini migombani? Njia si ipo, pana, hata gari la chai linapita?"

Sekela akaenda. Walisikia minong'ono nyuma ya jiko. Akarudi, mikono ameifunga kifuani.

"Anasema alikuwa anapisha."

"Anampisha nani?"

Akaenda tena. Safari hii alikawia. Aliporudi hakumtazama mumewe. "Hajasema," alisema.

Ambindwile alijua kuwa Tulinagwe amesema. Hawezi kutaja jina, lakini anaweza kusema mwenye nyumba, au baba yake Lugano, au yule uliyenizuia nisimtazame. Sekela alikuwa amelibeba jibu kutoka jikoni na kulitupa njiani, kwenye nafasi ya hatua sita.

"Yaani hana jibu," Rodrick alisema.

"Angekuwa nalo?" Meshaki akadakia. "Mwe bandu, enyi watu, mimi nina miaka hamsini na nane, sijawahi kuona mtu anapisha hewa."

Wakacheka tena. Asajile alikuwa anatazama chini. Kalamu ya Rodrick ilianza kutembea, naye akawa anasoma kwa sauti kadiri anavyoandika: "Alipoulizwa sababu ya kuingia shambani kwa watu, mlalamikaji hakuwa na jibu."

Ambindwile aliitazama ile kalamu, na kitu alichokuwa amekizika tangu mwaka themanini na nne kikafukuka. Dada yake, Lusungu. Alikuwa na miaka ishirini, ametoka kuchota maji, akatekwa njiani na mwanaume ambaye familia iliamua, baada ya kikao kama hiki, kwamba basi na amwoe. Waliuliza swali hilo hilo, ila siku ile lilikuwa, kwa nini ulikwenda kisimani peke yako? Kulikuwa na karamu. Ambindwile, kijana wa miaka kumi na tisa, alikula nyama ya karamu ile na akaomba mara ya pili. Lusungu alikaa katika ndoa hiyo miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo Ambindwile hakumsikia akicheka kwa sauti. Hakuna aliyemkamata mwanaume yule. Leo kaburi lake lina vigae.

Kijiji kile kinakumbuka mpaka wa kila shamba, mgomba kwa mgomba, tangu enzi za machifu. Kwa wanawake wake kinasahau kabla mvua haijakatika.

"Basi," Rodrick alisema. "Baba Lugano, saini hapa. Mzee Asajile atasaini chini yako."

Daftari likawekwa mapajani mwa Ambindwile. Kalamu ikawekwa mkononi mwake.

Hapo ndipo Tulinagwe alipotoka nyuma ya jiko.

Alitoka akitembea, hakukimbia. Khanga haikuwa kichwani, ilikuwa mabegani. Alikuja moja kwa moja mpaka chini ya ukingo wa baraza, manyunyu yakimwangukia kichwani, akasimama akiwatazama. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja, chini ya jicho. Wengi pale ndio kwanza walikuwa wanauona.

Ambindwile akafanya alichozoea. Akavuta kofia mpaka machoni.

"Baba," Tulinagwe alisema, "vua kofia."

"Ee Kyala, Mungu wangu!" Sekela akapiga kelele. "Wewe, rudi! Rudi huko! Unatuletea balaa gani?"

"Mama, nimekutuma mara mbili, ya pili hukufika." Hakumgeukia. "Mmeniuliza nilikuwa nampisha nani. Nilikuwa nampisha huyu. Ambindwile."

Mtu mmoja aliguna kama aliyepigwa ngumi ya tumbo. Meshaki, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hakuwa na mzaha.

"Ambindwile," akarudia, polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu. "Alikohoa mara mbili. Nikampa mgongo. Ningekuwa sikumpa mgongo ningemwona huyu Obed akija. Nilipiga kelele kabla hajanifunika mdomo. Muulizeni kama alisikia."

Sekela alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Rodrick alifunga mdomo, akaufungua, kisha akacheka kidogo, cheko la mtu anayetaka kuiokoa siku.

"Mzee, umeyasikia? Binti ana uchungu, tumwelewe. Wewe sema tu hukusikia kitu, tuendelee. Hakuna atakayekulaumu."

Ambindwile alikuwa amevua kofia. Hakukumbuka kuivua. Alimwona mkamwana wake usoni kwa mara ya kwanza katika miaka miwili ya ndoa yake, na jambo la kwanza alilogundua ni kwamba ana kovu dogo kidevuni ambalo yeye hakulijua.

Asajile akainua kichwa. Walitazamana, wazee wale wawili. Walitahiriwa hospitali moja siku moja. Asajile ndiye aliyemshika mkono alipozika mtoto wake wa kwanza. Akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Ambindwile, mvua ya Jumatano ilikuwa kubwa. Mtu ungesikia nini?"

Alikuwa anampa mlango. Kilichotakiwa ni kuingia tu.

"Jumatano haikunyesha," Ambindwile alisema. "Ilinyesha usiku. Jioni kulikuwa kukavu. Nilisikia."

"Ulisikia nini?" Rodrick aliuliza.

"Nilimsikia akilia."

Benchi likatikisika. Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Asajile alimtazama rafiki yake kama mtu anayemwona mgeni uani kwake. Ndipo Meshaki alipopata mzaha wake, ila safari hii haukuwa mzaha.

"Ngoja, ngoja. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukafanya nini?"

Ambindwile aliikunja kofia mkononi.

"Ukaenda zako! Si ulifika hapa ukawapa ng'ombe majani? Mimi nilipita nikakusalimia, ulikuwa hapo zizini unamwaga majani, ndaga Meshaki, ndaga, wala huna shida." Akawageukia wenzake, mikono juu. "Jamani, mtu mzima kama huyu, mwenye busara zake, angesikia mkamwana wake anaumizwa kweli, angepita? Nani hapa angepita? Kama alipita, maana yake hakikuwa kilio cha kuumizwa. Ni vile vilio vingine."

"Hayo ndiyo maneno," mmoja akasema.

"Kabisa," Obed akasema, na rangi ikamrudi usoni. "Mzee mwenyewe ni shahidi wangu. Alisikia, akaona ni kawaida."

Rodrick alikuwa ameshaanza kuandika. "Baba mkwe alisikia, na hakuona sababu ya kuingilia."

Hivyo ndivyo wanavyofanya. Ukikaa kimya, kimya chako ni ushahidi dhidi yake. Ukisema, aibu yako nayo inakuwa ushahidi dhidi yake. Ambindwile alidhani kusema "nilisikia" ndio mwisho wa safari, kumbe alikuwa amemkabidhi Obed jiwe jingine. Alimtazama Tulinagwe. Tulinagwe alikuwa anamtazama yeye tu, macho makavu. Hakuwa anamwomba. Mtu anayeomba ana uso mwingine.

Ambindwile akasimama. Daftari likaanguka kutoka mapajani, likalala wazi sakafuni penye unyevu.

"Meshaki," alisema, "umeuliza nani angepita. Mimi nilipita. Nilijua na nikapita."

"Mzee, kaa chini," Rodrick alisema.

"Nilijua anaumizwa. Nilijua na anayemuumiza. Sikudhani ni vingine. Nilijiambia ni vingine ili miguu iende." Kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi yalimtoka vipande vipande. "Niliogopa. Andika hivyo. Andika, mzee Ambindwile ni mwoga. Siyo andika kwamba yule alitaka."

"Hatuandiki matusi ya mtu kwa nafsi yake," Rodrick alisema, akiokota daftari. "Kikao hiki ni cha amani."

"Basi sisaini."

"Ambindwile," Asajile aliita. Mara moja tu. Sauti hiyo ilikuwa imemwita katika maisha yake yote, bondeni, kanisani, msibani.

"Sisaini, Asajile."

Tulinagwe hakungoja kusikia mengine. Alikuwa ameshageuka, anaelekea barabarani, miguu mitupu kwenye udongo mwekundu. Kijana wa bodaboda alikuwa amejikinga chini ya paa la duka. Alipanda. Ambindwile alishuka barazani, akapita katikati ya watu, na Sekela alimdaka mkono wa koti.

"Ukimfuata mwanamke huyo, baba Lugano, nyumba hii imekufa. Nani atatupimia chai? Nani atatuzika?"

Swali lilikuwa la haki. Obed ndiye mwenye mizani, Asajile ndiye mwenye kengele ya msiba. Ambindwile aliutoa mkono wake taratibu, akaenda kutafuta bodaboda ya pili.

*

Dawati la jinsia pale polisi Tukuyu lilikuwa chumba kidogo chenye meza moja na kabati la chuma. Afande Belinda, mwanamke wa makamo aliyehamishiwa huku kutoka Kigoma, alikuwa amevaa sweta juu ya sare kwa sababu ya baridi. Aliongea na Tulinagwe peke yake karibu saa nzima. Ambindwile aliwasikia kidogo kidogo tu: umeoga? Nguo ziko wapi? Zimefuliwa? Nani alizifua? Kila jibu lilifuatwa na kimya kifupi, na Ambindwile alielewa kwamba kila kimya ni kitu kimoja kilichopotea.

Kisha afande akatoka na fomu ya matibabu, PF3, akampa Tulinagwe. "Nenda nayo hospitali sasa hivi. Usisubiri Jumatatu. Daktari akikwambia njoo kesho, mwambie anipigie mimi." Akamgeukia mzee. "Na wewe ndiye shahidi? Ingia."

"Nataka nisikie atakachosema," Tulinagwe alisema.

"Dada, maelezo tunachukua mmoja mmoja. Ndio utaratibu."

"Sawa." Akaketi kwenye benchi la korido, mlango ukiwa wazi, fomu mapajani. Afande alimtazama kidogo, akauacha mlango ulivyo.

Ambindwile alitaja jina lake, umri, kijiji. Alieleza njia, kona, majani begani, kikohozi. Afande aliandika kwa mkono wa haraka, akimsimamisha hapa na pale.

"Ukasikia kelele. Neno gani?"

"Mama."

"Jingine?"

Barazani Ambindwile alikuwa amesema alimsikia akilia, amesema alijua, lakini kuna maneno alikuwa bado hajayatoa, na alijua kwa nini. Kilio ni kilio. Wakili yeyote anaweza kukigeuza. Maneno yale hayageuziki. Maneno yale yangemfunga mtoto wa Asajile.

Simu ikaanza kuita mfukoni mwa koti. Aliitoa. Asajile. Ikaita mpaka ikakata, kisha ikaanza upya.

"Ni nani?" afande aliuliza.

"Baba yake."

"Baba wa nani?"

"Wa kijana."

"Unataka kupokea? Ruhusa. Lakini ukipokea hapa, nitaandika na hilo." Akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, nimekaa dawati hili miaka minne. Wanaume wanaofika hapa kutoa ushahidi wa jambo kama hili nawahesabu kwa vidole. Wakifika mlangoni wanakumbuka mila, wanakumbuka undugu. Kama na wewe ni mila iliyokuzuia usirudi, sema tu, naandika mila, tunaendelea."

Naye alikuwa anampa mlango, bila kujua. Mila. Neno zuri, la heshima, lingemsitiri mpaka kaburini.

"Hapana," Ambindwile alisema. "Mila ilinikataza kumtazama. Haikunikataza kurudi." Akaizima simu, akaiweka mezani. "Alisema, niache. Alisema, Obed, niache. Akamtaja. Kisha mwanaume akasema, nyamaza. Baada ya hapo sikusikia neno, nilisikia majani."

"Sauti ya mwanaume uliitambua?"

"Ndiyo."

"Unaifahamu kwa kiasi gani?"

"Naisikia kila siku kwenye mizani. Nilikuwepo alipobatizwa."

"Jina kamili."

Aliyatazama madirisha. Nje, mtu alikuwa anasukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi kuelekea mtaa wa Bagamoyo, akiteleza, akisimama, akisukuma tena.

"Obed Asajile," alisema. "Karani wa chai. Mtoto wa rafiki yangu."

Kalamu ikatembea. Afande akamsomea maelezo yote tangu mwanzo, na ilipofika sehemu ya "nilielewa kuwa anashambuliwa, nikaondoka", akasimama akamuuliza kama ibaki hivyo. Ambindwile akasema ibaki. Alisaini kila ukurasa, mkono wake wa kizee ukiandika jina zima, bila kufupisha.

Alipotoka koridoni Tulinagwe alikuwa amesimama, fomu ameikunja na kuishika kwa mikono miwili. Ambindwile alijaribu kutafuta neno. Alitaka kusema mwanangu. Akaona hana haki nalo.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia."

"Nikusindikize hospitali?"

"Hapana." Alisema bila ukali. "Nitakwenda na afande mmoja wa kike. Wewe rudi ukawaambie hivyo hivyo ulivyosema humu. Wakikuuliza nilikuwa natafuta nini migombani, safari hii ujibu wewe."

Akapita mbele yake, karibu kabisa, bega kwa bega katika korido nyembamba. Hakutoka njiani. Ambindwile ndiye aliyejibana ukutani kumpisha.